Kompresa na Di-esa katika Kumiksi Sauti ya Mwimbaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kompresa inafanya nini hasa kwenye sauti ya mwimbaji?

Kompresa hupunguza tofauti iliyopo kati ya sehemu za sauti zilizo kubwa na zile zilizo ndogo. Kila mara sauti inapopanda na kuvuka kiwango ulichokiweka, yaani kizingiti, kifaa huibana kwa kadiri ya uwiano uliouchagua, na ikishuka tena chini ya kizingiti huiachia. Uwiano wa 4:1 maana yake ni kwamba sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) itatoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 2 tu. Desibeli 6 zimeondolewa. Kwa kuwa vilele vimeshushwa, unapata nafasi ya kuinua sauti nzima, na hapo ndipo mwisho wa mistari na silabi nyepesi zilizokuwa zikimezwa na ala huanza kusikika.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kompresa haielewi maneno. Inapima ukubwa wa wimbi tu, kwa hiyo haitofautishi irabu iliyoimbwa kwa hisia, pumzi iliyovutwa kwa nguvu na kishindo cha herufi «p» kilichogonga maiki. Malalamiko mengi kuhusu kompresa yanatokana na kuitegemea ifanye maamuzi ambayo yalipaswa kufanywa na sikio la anayemiksi kabla ya kuiwasha.

Je, kila sauti iliyorekodiwa lazima ibanwe?

Hapana. Mwimbaji anayejua kusogea nyuma anapopaza sauti na kukaribia maiki anaponong'ona, akisindikizwa na gitaa moja, anaweza kuhitaji marekebisho ya feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) peke yake. Sauti inayoshindana na ngoma, besi na kinanda kilichojaa huhitaji kubanwa zaidi, kwa sababu nafasi iliyobaki kati ya «inasikika» na «imepotea» ni finyu.

Nirekodi kwa kiwango gani ili kazi ya baadaye iwe rahisi?

Rekodi kwa biti 24, wastani wa sauti ukikaa karibu na desibeli -18 kwenye mita ya kidijitali, ambayo sifuri yake ndiyo kikomo cha juu, na vilele visipite desibeli -8 hivi. Plagini (programu ndogo zinazoongezwa kwenye ile ya kurekodia) nyingi zinazoiga vifaa vya zamani zimetengenezwa zikitarajia kiwango cha namna hiyo, na ukizipelekea sauti iliyojaa hadi juu zitabana au kukwaruza kabla hujagusa kidhibiti chochote.

Nianzie wapi kuweka vidhibiti vya kompresa?

Pa kuanzia panapofaa kwa sauti nyingi ni uwiano wa 3:1 au 4:1, ataki (muda wa kuanza kubana) ya milisekunde 10 hadi 15, na rilisi (muda wa kuachia) ya milisekunde 80 hadi 100. Kisha teremsha kizingiti taratibu huku wimbo wote ukiendelea kucheza, mpaka mita ionyeshe kwamba desibeli 4 hadi 6 zinaondolewa katika sehemu kali, na mshale unarudi sifuri, au karibu na sifuri, mwimbaji anapotulia. Mshale usiporudi kabisa, kompresa yako haidhibiti vilele tena. Imekuwa kidhibiti cha sauti kilichoshushwa na kubaki chini.

Wasiozoea kusikia kazi ya ataki na rilisi watasaidika na zoezi hili: weka uwiano wa 10:1, shusha kizingiti mpaka sauti ibanwe kupita kiasi, halafu zungusha ataki peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Kasoro zilizokuwa zimejificha zitakuwa wazi. Fanya hivyo hivyo kwa rilisi. Ukishapata mahali ambapo maneno yanatoka na uhai wake na pengo kati ya mstari na mstari halivuti pumzi juu, rudisha uwiano na kizingiti pa kawaida bila kugusa ataki na rilisi.

Ataki na rilisi zinabadilisha nini katika maneno yenyewe?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote yahusuyo kompresa, na linastahili muda kuliko chaguo la plagini.

Ataki ni muda ambao kompresa huchukua kufikia ubanaji wake baada ya sauti kuvuka kizingiti. Chukua neno «katika». Mwanzo wake, «k», ni mpasuko mfupi sana unaofuatwa na irabu ndefu zaidi. Ukiweka ataki ya milisekunde 1, kompresa hukamata hata mwanzo huo, makali ya konsonanti hukatwa, na mwimbaji huonekana kurudi nyuma ya ala. Ukiweka milisekunde 30, mpasuko hupita karibu wote kabla ubanaji haujakamilika, na neno husogea mbele kwa msikilizaji. Ikizidi hapo, konsonanti huanza kuchoma na kila neno hugonga kama limesemwa kwa hasira. Kwa mwimbaji anayetamka kwa upole, ataki ya polepole humsaidia kueleweka. Kwa rapa anayepasua kila silabi, ataki ya haraka humtuliza.

Rilisi ni muda wa kuiachia sauti baada ya kushuka chini ya kizingiti. Rilisi ya haraka, tuseme milisekunde 40, hurudisha sauti upesi, na matokeo yake ni uchangamfu, msongamano na pumzi zinazosikika wazi. Rilisi ya polepole, milisekunde 400 kwa mfano, hutoa ubanaji usioonekana, lakini ina hatari yake: mwimbaji akipaza neno moja kisha akalifuatisha neno la chini, neno hilo la pili litazama kwa sababu kompresa bado imelikandamiza. Msikilizaji hatajua kilichotokea, ila atakosa neno.

Kuna mpaka mwingine upande wa haraka. Sauti ya kiume ya chini inaweza kuwa na masafa ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ambayo wimbi lake moja huchukua milisekunde 10. Rilisi na ataki zikiwa fupi kuliko hapo, kompresa huanza kufuata umbo la wimbi lenyewe badala ya kufuata ukubwa wa sauti kwa ujumla, na unachosikia ni mkwaruzo. Wapo wanaoutafuta mkwaruzo huo kwa makusudi, na katika muziki mkali unafaa. Tatizo ni pale unapojitokeza bila kuitwa.

Wengine hukokotoa rilisi kwa kasi ya wimbo. Gawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika na utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 96 una pigo la milisekunde 625, na nusu yake ni takriban 312. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwenye nyimbo za mdundo thabiti, ingawa mimi huliamini zaidi sikio, kwa kuwa silabi za mwimbaji hazigawanyiki sawasawa kama mapigo ya ngoma.

Kwa nini herufi «s» zinaruka na kuchoma masikio baada ya kuweka kompresa, ilhali kabla yake zilikuwa sawa?

Kwa sababu kompresa hushusha irabu na kuziacha «s» palepale, halafu wewe mwenyewe huinua vyote kwa pamoja. Hesabu ifuatayo inaonyesha hali hiyo.

Tuseme mwimbaji anaimba «sasa». Irabu «a» inafika desibeli -8 na herufi «s» inafika desibeli -22. Tofauti kati yake ni desibeli 14, na hiyo ni tofauti ya kawaida inayolifanya neno lisikike kama mtu anavyolitamka. Sasa weka kizingiti kwenye -20 na uwiano wa 4:1. Irabu imevuka kizingiti kwa desibeli 12. Itatoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 3 tu, yaani kwenye -17. Herufi «s» haikukifikia kizingiti, hivyo inabaki -22. Kisha unaongeza geini (kiasi cha kuinua sauti yote) ya desibeli 7 ili kufidia: irabu inafika -10, na «s» inafika -15. Tofauti iliyokuwa desibeli 14 imebaki 5. Hakuna aliyeigusa «s», lakini kwa sikio la msikilizaji imepanda desibeli 9 ikilinganishwa na irabu iliyo jirani yake.

Katika matumizi halisi rilisi hupunguza makali ya hesabu hiyo, kwa kuwa ubanaji wa irabu iliyotangulia huendelea kwa muda na kuifunika «s» inayofuata. Ndiyo maana rilisi ya haraka sana huzidisha tatizo, na ndiyo maana hatua ya kwanza ya kutibu «s» zinazochoma ni kuangalia kompresa yenyewe: je, inabana kupita haja? Je, rilisi yake ni fupi mno? Mara nyingi kupunguza ubanaji kwa desibeli 2 au 3 huondoa nusu ya kazi ambayo di-esa, kifaa cha kutuliza «s», ingelazimika kufanya. Vifaa hivi viwili vinapaswa kuamuliwa pamoja, kwa sababu kila desibeli unayobana kwenye kimoja inarudi kudaiwa kwenye kingine.

Di-esa hufanyaje kazi, na kwa nini nisitumie ikwalaiza tu?

Di-esa ni kompresa inayosikiliza sehemu moja ya masafa, ile yenye mvumo wa «s», «sh», «z» na «ch», na inachukua hatua pale tu sehemu hiyo inapozidi. Ikwalaiza ya kawaida, kifaa cha kuinua au kukata masafa fulani, hukata masafa yale yale muda wote, hata mwimbaji anaposhikilia irabu isiyo na tatizo lolote. Ukikata desibeli 6 kwenye kilohezi 7 ili kuzituliza «s», umeondoa pia mng'ao wa sauti yote, na mwimbaji atasikika kama aliyefunikwa kitambaa mdomoni.

Zipo za namna mbili. Ya kwanza hushusha sauti yote kwa ule muda mfupi ambao «s» inasikika. Ya pili hushusha masafa ya juu peke yake na kuacha mengine. Ya kwanza husikika ya asili zaidi ikitumika kwa kiasi kidogo, kwa kuwa uwiano wa ndani wa «s» yenyewe hauvurugwi. Ya pili huvumilia ubanaji mkubwa zaidi na hufaa pale «s» inapokutana na irabu kwa karibu mno. Kwa sauti kuu napendelea kuijaribu ya kwanza kabla ya kwenda kwa ya pili.

Inafaa pia kujua namna di-esa yako inavyogundua «s». Baadhi hutumia kizingiti cha kawaida, na hivyo hufanya kazi nyingi kwenye kiitikio kilichopazwa na kulala kwenye ubeti ulioimbwa kwa upole. Nyingine, kama dbx 902 ambayo imetumika kwenye studio nyingi, hulinganisha nguvu ya masafa ya juu na nguvu ya sauti nzima, kwa hiyo huikamata «s» kali hata mwimbaji anaponong'ona. Ukiwa na ya aina ya kwanza, iweke mahali ambapo kiwango cha sauti kimeshatulizwa, au ubadilishe kizingiti chake kwa otomesheni (mabadiliko unayoyachora ili programu iyafuate yenyewe) kutoka ubeti hadi kiitikio.

Nitajuaje masafa ya kulenga?

Nguvu ya «s» kwa watu wengi hukaa juu ya kilohezi 5, mara nyingi kati ya 5 na 8 kwa wanaume na juu kidogo ya hapo kwa wanawake, na inaweza kufika 10 au zaidi. «Sh» hukaa chini zaidi. Huanza kusikika kuanzia kilohezi 2.5 hivi. Kwa hiyo di-esa iliyowekwa kwa ajili ya «s» inaweza kuiacha «sh» ikipita bila kuguswa, na mtu akadhani kifaa ni kibovu.

Njia ya uhakika ni kuzungusha sehemu fupi yenye «s» inayosumbua, kufungua kichanganuzi cha masafa na kuangalia mahali kilima kinapoinuka kila «s» inapopita. Halafu washa swichi ya di-esa inayokuwezesha kusikia kile tu inachokisikia yenyewe, na usogeze masafa mpaka usikie «s» nyingi na irabu kidogo iwezekanavyo. Kuinua ikwalaiza nyembamba na kuizungusha huku na huko ukitafuta panapochoma hupotosha, kwa kuwa kila mahali panachoma pakiinuliwa desibeli 12.

Di-esa ikae kabla ya kompresa au baada yake?

Zote mbili ni sahihi, na sababu zake ni tofauti. Ikiwa «s» ni kali kiasi cha kuvuka kizingiti cha kompresa, basi kompresa hubana kwa sababu ya «s» na kuimeza irabu inayofuata. Hapo di-esa ikitangulia huiondolea kompresa kazi isiyo yake. Ikiwa «s» zimezaliwa na ubanaji wenyewe, au na ikwalaiza iliyoinua masafa ya juu, basi di-esa ikae mwishoni, baada ya vyote vilivyozisababisha. Ukiinua desibeli 4 kuanzia kilohezi 8 ili sauti ing'ae, umeinua «s» kwa desibeli 4 hizo hizo, na di-esa iliyokaa mwanzoni haina habari.

Ninachoshauri ni di-esa mbili zinazofanya kazi ndogo: moja mwanzoni ikiondoa desibeli 2 au 3, nyingine baada ya ikwalaiza ikiondoa kiasi kama hicho. Hilo husikika vizuri kuliko moja inayoondoa 8 kwa mkupuo.

Nimeweka di-esa na sasa mwimbaji anasikika ana kithembe. Nimekosea wapi?

Umebana kupita kiasi, au umelenga chini mno, au rilisi ya di-esa ni ndefu na inaendelea kubana wakati irabu imeshaanza. Chukua sehemu yenye maneno kama «sisi», «siku» na «sauti», usikilize huku ukiizima na kuiwasha di-esa. «Sisi» ikianza kukaribia «thithi», rudisha kizingiti juu mpaka ncha ya «s» irudi. Herufi hiyo ina kazi yake: ndiyo inayomwezesha msikilizaji kufuata maneno hata spika zikiwa ndogo na chumba kikiwa na kelele. Lengo ni «s» iliyo saizi moja na neno lake, nayo bado ni kali kidogo ikisikilizwa peke yake.

Je, kurekebisha «s» moja moja kwa mkono kuna faida yoyote?

Faida kubwa. Kata kipande cha wimbi chenye «s», ambacho huonekana kwenye skrini kama umbo nene lenye mistari iliyosongamana, kisha kishushe kwa desibeli 3 hadi 6 na uweke mpito mfupi pande zote mbili. Hakuna kifaa kitakachokosea kwa niaba yako, na irabu hazitaguswa kabisa. Kazi hii huchosha, lakini sauti kuu ndiyo inayobeba wimbo, na inastahili muda huo. Di-esa ikija baada yake hubaki na kazi ndogo ya kulinda kilichosahaulika. Utaratibu huo huo wa kusawazisha kwa mkono kabla ya kompresa hutumika kwa maneno mazima: ukishusha neno lililopazwa mno na kuinua lililozama, kompresa hukutana na sauti iliyokwisha tulia na haipumui kwa nguvu.

Kuna maana gani kutumia kompresa mbili kwa mfuatano?

Kila moja hupewa kazi moja. Mfano unaojulikana sana unatokana na vifaa viwili vya miaka ya 1960. Cha kwanza ni 1176 cha Universal Audio, kilichobuniwa na Bill Putnam na kutoka mwaka 1967, ambacho hutumia transista na kina ataki kati ya mikrosekunde 20 na 800. Hata ikiwekwa polepole kabisa, haifiki milisekunde moja. Cha pili ni LA-2A cha Teletronix, ambacho hutumia taa na kipokea mwanga. Ataki yake ni takriban milisekunde 10, nusu ya kwanza ya kuachia huchukua milisekunde 60 hivi, na sehemu iliyobaki huendelea polepole hadi sekunde kadhaa. Cha kwanza hukata vilele vya ghafla, cha pili husawazisha mistari mizima kwa utulivu. Kila kimoja kikiondoa desibeli 3, hutasikia kimoja kikihangaika kama ambavyo kingehangaika kikiondoa 6 peke yake.

Kwa wanaotumia plagini zinazoiga 1176: vidhibiti vyake vya ataki na rilisi hukaa kinyume cha kawaida. Namba 7 ndiyo ya haraka kuliko zote na namba 1 ndiyo ya polepole.

Pumzi na kelele za chumba zimekuwa kubwa. Nifanye nini?

Kila desibeli ya geini unayoongeza baada ya kubana huinua pia vile vilivyokuwa chini ya kizingiti. Ukifidia desibeli 6, feni na mvumo wa kompyuta vimepanda desibeli 6. Safisha mapengo kati ya mistari kabla ya kompresa, ukiacha pumzi zenye maana na kuzishusha kwa mkono badala ya kuzifuta zote. Mwimbaji asiyepumua kabisa humchosha msikilizaji bila yeye kujua sababu. Kurefusha rilisi nako husaidia.

Herufi «p» na «b» zinaifanya kompresa ishtuke. Je, ni kazi ya di-esa?

La. Huo ni upepo wa masafa ya chini, na di-esa haisikilizi huko. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 hivi kabla ya kompresa, au washa kichujio kilicho ndani ya kompresa kinachoizuia kusikiliza besi wakati wa kupima.

Sauti kuu ni safi, lakini riverbu inatema «ssss» kila mahali. Kwa nini?

Riverbu, kifaa cha kuongeza mwangwi, hurefusha kila inachopewa, na «s» ya milisekunde 100 hugeuka mkia wa sekunde mbili. Weka di-esa nyingine kwenye njia ya riverbu, kabla ya riverbu yenyewe, na hapo unaweza kubana bila huruma, kwa sababu hakuna anayesoma maneno kwenye mwangwi. Dilei nayo ifanyiwe vivyo hivyo, hasa ikiwa inarudia maneno mara nyingi.

Na sauti za kuitikia je?

Zibane zaidi kuliko sauti kuu na uziondolee «s» zaidi pia. Waimbaji wanne wakitamka «s» kwa wakati unaotofautiana kidogo, masikio husikia mlio mrefu kama wa nyoka. Wengi huziacha «s» za sauti kuu peke yake na kuzishusha sana zile za wanaoitikia, hata kuzifuta kabisa mwishoni mwa maneno, na msikilizaji hagundui.

Kubana kwa sambamba kunafaa kwa sauti ya mwimbaji?

Kunafaa, ikiwa unataka msongamano bila kupoteza uhai wa sauti ya asili. Nakala moja ya sauti hubaki ilivyo, nyingine hubanwa sana na kuchanganywa chini yake kidogo kidogo. Nakala iliyobanwa ipitishe kwenye di-esa kali, kwani ile hesabu ya «sasa» hufanya kazi kwa nguvu zaidi huko.

Kila nikilinganisha, sauti iliyobanwa inanipendeza zaidi. Je, hiyo ni dalili kwamba nimefanya vizuri?

Si lazima. Sikio hupendelea iliyo kubwa zaidi, hata kwa tofauti ndogo. Punguza geini mpaka sauti iliyobanwa na isiyobanwa ziwe na ukubwa mmoja, kisha zima na uwashe ukiwa umefumba macho. Ikiwa tofauti iliyobaki hukuitafuta, kompresa haina kazi pale.

Kiwango cha kusikilizia pia kinahesabika. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba usikivu wa sikio kwa masafa mbalimbali hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Amua kuhusu «s» ukisikiliza kwa sauti ya wastani kwenye spika, halafu hakikisha kwa hedifoni, kwa sababu hedifoni nyingi huinua masafa yale yale ambayo di-esa inayashughulikia.

Naweza kuzuia «s» kali kabla hata ya kurekodi?

Ndiyo, na ni kazi yenye thawabu kubwa kuliko plagini yoyote. Maiki nyingi za kondensa zimeinuliwa kwa makusudi kwenye masafa ya juu. Kwa mwimbaji mwenye «s» kali, jaribu maiki ya dainamiki au kondensa isiyoinuliwa hivyo. Mweke mwimbaji kwa umbali wa sentimeta 15 hadi 20, kisha geuza maiki kidogo pembeni ili hewa inayotoka kati ya meno isiipige moja kwa moja.

Nimeletewa sauti iliyokwisha kubanwa mno wakati wa kurekodi. Inaweza kurudishwa?

Kwa sehemu ndogo tu. Kilichofutwa na ataki ya haraka hakirudi, ingawa ekspanda (kinyume cha kompresa, hushusha zaidi sauti zilizo ndogo) ya kiasi kidogo inaweza kushusha pumzi na kelele zilizopandishwa, na feda ikichorwa kwa mkono inaweza kurudisha mawimbi ya hisia kati ya ubeti na kiitikio. Usiongeze kompresa nyingine kwa mazoea. Sauti ya namna hiyo huhitaji di-esa na ikwalaiza peke yake.

Kabla ya kuanza, muulize aliyeirekodi kama anayo faili ghafi, kwa kuwa wengi hubana kwenye programu wakati wa kutoa faili na sauti ya awali bado ipo kwenye kompyuta yao. Omba itolewe plagini zote zikiwa zimezimwa, kwa biti 24, mono, na ianzie sekunde ya sifuri ya wimbo ili ikae sawa na mdundo bila kukisia.